Bakuli la Maji ya Kwanza

Jumatatu, 6 Novemba

Mwalimu Rong anasema shajara nzuri husema kweli hata pale kweli inapomwaibisha mwandishi. Sawa. Kweli ya leo ni hii: Shangazi Guizhen anataka kutuibia Babu.

Alipiga simu jana. Mama aliiweka simu mezani kwa sauti kubwa, maana mikono yake ilikuwa na unga. Shangazi akasema amesikia kwamba Babu aliteleza tena kwenye mawe ya uchochoro wetu. Akasema ghorofa yake ya Nanjing ina lifti. Akasema chumba kiko tayari, godoro limeshanunuliwa, hata nailoni yake haijatolewa, na Jumapili atakuja kwa treni ya asubuhi kumchukua. Mama akajibu kwa upole kwamba aulizwe mwenyewe. Babu alikuwa anamlisha nyenje wake, anayemfuga ndani ya kibuyu kidogo, kipande cha karoti. Akasema, "Nitaona."

Nitaona! Si ndiyo, si hapana. Nyenje alilia mara moja, kisha naye akanyamaza.

Nimefikiri siku nzima, hata kwenye somo la hesabu. Chanzo cha balaa lote ni tambi. Kila alfajiri, kabla taa za uchochoro hazijazimwa, Babu hutoka na kibuyu cha nyenje kifuani, huvuka daraja, na kwenda duka la Bwana Ge kula tambi za maji ya kwanza. Mtu wa Suzhou haambiwi kwa nini. Asubuhi sufuria la dukani lina maji mapya, na tambi za mwanzo hutoka zinateleza kama hariri. Wateja wakizidi, maji yanashika unga, na anayechelewa hula gundi. Wazee wa hapa wako radhi kuvunjika mguu kuliko kula bakuli la saa mbili.

Na Babu nusura auvunje kweli.

Basi mpango wangu ni huu. Nitampikia Babu maji ya kwanza hapa hapa nyumbani. Hatatoka gizani. Hatateleza. Shangazi atafika Jumapili, atamkuta Babu amekaa mezani anakula supu kama mfalme, na hatakuwa na la kusema. Atarudi na lifti yake.

Nina miaka kumi na mitatu na nimewahi kuchemsha yai. Nina matumaini makubwa.

Jumanne, 7 Novemba

Mpango ulikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza: Babu asitoke. Nilificha viatu vyake ndani ya pipa la mchele.

Ya pili: tambi. Kwa kuwa nimefundishwa kwamba kazi nzuri hutanguliwa na mazoezi, nilichemsha fungu moja la mazoezi. Likavurugika. Nikachemsha la pili. Likavurugika kidogo tu. La tatu, la Babu, nikalitia kwa mkono wenye uzoefu. Maji yale yale, bila shaka. Kwa nini nipoteze gesi?

Babu alikuja na soksi, akauliza kama nimeona viatu vyake. Nikamwomba aketi kwanza. Akaketi. Akashika vijiti, akainua utambi mmoja, na tambi zote zikainuka pamoja. Bakuli nalo likataka kuinuka.

Akaniuliza kwa heshima kabisa kama nataka azile au nataka abandikie matangazo ukutani.

Nikasema ni za kula. Akatia kidogo mdomoni. Akatafuna. Akaendelea kutafuna. Mwisho akasema, "Hanlu, mjukuu wangu, maji haya yamechoka. Yaache yapumzike." Halafu akaondoka na ndala!

Ndala kwenye mawe yenye umande. Nimemweka hatarini zaidi kuliko kama angevaa viatu vyake. Nilitoka mbio nikiwa na kiatu kimoja mkononi, kinadondosha mchele njia nzima, na nani alikuwa mlangoni kwake? Bibi Qiu, jirani yetu. Huyu ndiye adui wangu wa pili. Kila asubuhi humpa Babu yai lililopikwa kwenye mchuzi wake mweusi, na Babu huyala mayai yale huku amefumba macho. Kwa chakula changu hajawahi kufumba macho.

Bibi Qiu aliona mchele. Aliona kiatu. Akauliza kama siku hizi viatu vinapikwa na wali. Nikamwambia kwa adabu kwamba naandaa kiamshakinywa cha Babu na hatuhitaji mayai tena, asante. Akacheka mpaka akajishika kiuno. Akasema, "We mtoto, mchuzi wangu una umri mkubwa kuliko wewe. Mama yako hajaolewa, wenyewe uko jikoni, unaongezwa tu."

Wazee bwana. Ukiwazidi kwa hoja, wanakutajia umri. Ndio kwanza nasikia watu wanahesabu na umri wa mchuzi.

Jumatano, 8 Novemba

Leo nilikwenda kupeleleza.

Nilivaa barakoa, kofia ya Mama ya mvua, na koti la Baba, ambaye yuko kazini Shenzhen na hatalihitaji mpaka mwaka mpya. Nilifika kwa Bwana Ge wakati anafungua mlango. Wazee walikuwa wameshapanga foleni, kila mmoja anamtazama mwenzake kama mwizi wa zamu. Babu alikuwa wa tatu. Nikajibana nyuma ya nguzo.

Bwana Ge ni mtu mpana mwenye sauti ya kuita feri. Alinitazama mara moja, akasema nimechelewa, akanirushia aproni. Kumbe alikuwa anamngoja msichana wa kuosha vyombo! Mpelelezi wa kweli hakatai mlango uliofunguliwa. Nikafunga aproni.

Nimeosha mabakuli mpaka vidole vimekunjamana kama zabibu kavu. Lakini nimeona! Nimemwona akipakua tambi kwa chujio refu, akazitikisa, akazikunja, akazilaza bakulini zikiwa zimepangana kama mgongo wa samaki, hakuna hata moja iliyopotea njia. Juu yake majani ya kitunguu saumu. Kisha huenda na bakuli nyuma ya pazia, na likirudi lina supu. Nyuma ya pazia haruhusiwi mtu. Nilijaribu kuchungulia, nikapigwa upawa begani.

Basi nikamuuliza tu, kama mfanyakazi anayependa kazi yake, siri ya tambi nzuri ni nini. Alikuwa na haraka. Akasema siri ni kumwaga. Maji ya jana asubuhi hii yako mtaroni yote, hata tone halibaki. Mpishi mvivu anayebakiza cha jana, akasema, afungue duka la gundi.

Kumwaga cha jana! Ni rahisi hivyo! Nimeiandika kiganjani kwa kalamu.

Wakati ule Babu alikuwa anaagiza kama kawaida yake, supu nyingi, tambi ngumu, majani mengi. Kisha akapaza sauti, duka zima likasikia: "Na yule binti wa vyombo mwambieni kengele ya shule imekaribia."

Wazee wote waligeuka. Kofia ilinidondokea kwenye karai la sabuni.

Nimechelewa shule. Mwalimu Rong ameniuliza kwa nini nanuka kitunguu. Nimemwambia kweli: nilikuwa natafiti. Akafurahi sana, akataka niwaeleze wenzangu. Sikueleza.

Ijumaa, 10 Novemba

Jana sikuandika kwa sababu nilikuwa natafuta nyama ya mafuta. Leo naandika nikiwa nimejifunika blanketi, kwa sababu zitakazofuata.

Babu alikubali kuketi mezani tena. Alisema mguu unamuuma kidogo kwa baridi. Mama akasema anaketi kwa huruma. Mama hajui lolote, na tena alikuwa anawahi zamu kiwandani.

Maji mapya, nilimwaga cha jana chote. Tambi zilitoka safi. Zinateleza! Lakini hazikukubali kulala kama mgongo wa samaki. Zililala kama mtu aliyeanguka. Nikatumia kitana. (Kipya, ndio kwanza nakitoa kwenye kifuko, Mwalimu akisoma haya.) Nikazichana vizuri zikanyooka zote upande mmoja.

Nilipokuwa nazichana nilisahau mafuta ya nguruwe yaliyokuwa yanayeyuka jikoni. Yakaanza kutoa moshi. Kidogo tu! Nilikuwa naelekea kuzima gesi, nimeshanyoosha mkono kabisa, ndipo dirisha lilipofunguliwa na Bibi Qiu akamwaga beseni zima la maji ndani huku anapiga kelele za moto. Gesi ilikuwa kushoto. Mimi nilikuwa kulia. Maji yote yalikuja kulia.

Nilisimama pale natiririka. Babu alipita mbele yangu, akazima gesi, akafunika kikaango. Bibi Qiu akasema angalau mtoto ameoga. Babu akaingiwa na kicheko ambacho alijaribu kukigeuza kikohozi.

Lakini sikilizeni! Bakuli lilipona. Babu akalitazama sana. Akauliza kama tambi hizi zinatoka kwa kinyozi. Kisha akala. Nusu! Nusu bakuli! Akasema tambi sasa ni tambi. Tatizo ni supu. Supu yangu, akasema, ni maji ya kunawia miguu yenye adabu nzuri.

Nikamuuliza supu inarekebishwaje. Akasema supu haina njia ya mkato, inataka mifupa na inataka usiku kucha, na mimi niende shule na nywele kavu.

Naona alikuwa anakwepa swali. Kama siri ingekuwa mifupa, Bwana Ge angeniambia.

Pua imeziba. Sinusi harufu yoyote, hata ya sabuni.

Jumamosi, 11 Novemba

Kesho ndiyo siku. Nimesugua meza. Nimesugua vijiti. Nusura nimsugue na nyenje, Babu akamwokoa.

Bibi Qiu alikuja mlangoni akasema, kwa kuwa kuna mgeni kesho, ataleta sahani ya miguu ya nguruwe iliyolala kwenye mchuzi wake. Nikamshukuru, nikasema meza yetu imejaa. Akachungulia meza. Ilikuwa na kitambaa tu. Akasema, "Haya, Binti Mpishi. Ukikwama, goti lako halitavunjika ukipiga hodi." Nikasema sitakwama. Nilisema kwa pua iliyoziba, kwa hiyo haikutoka kwa heshima niliyokusudia.

Mchana Babu alirudi kutoka sokoni na mfuko ameuficha nyuma ya mgongo. Alipita akiambaa ukuta kama mtoto aliyevunja chombo. Nikamuuliza ni nini. Akasema ni vitu vya mzee. Akaingia chumbani, nikasikia anavuta sanduku kutoka chini ya kitanda.

Sanduku. Lile la safari.

Kwa hiyo ameamua. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi za mfereji nikatazama bata. Ni Babu aliyenifundisha kushika brashi ya kuandikia. Ni yeye anayejua kwamba naogopa radi na hajamwambia mtu. Kule Nanjing atamwambia nani? Nitamwambia nani mimi?

Nimelia kidogo. Nimeiandika kwa sababu ni kweli. Lakini kulia hakupiki supu. Kesho nitapika bakuli safi kuliko yote, sitabakiza hata tone la jana.

Babu ameniambia nikalale mapema. Mno. Jua lilikuwa halijatua vizuri. Nasikia kitu kinatokota polepole. Nafikiri ni mvua.

Jumapili, 12 Novemba

Imekuwa siku kubwa. Nitaiandika kwa mpangilio.

Niliamka kabla ya wote. Juu ya jiko nikakuta lile sufuria letu kubwa, limejaa maji mpaka juu. Maji yenyewe ya manjano. Machafu! Yamelala hapo tangu jana! Nikayanusa, sikunusa kitu, pua bado imeziba. Nikasema, huyu ni Mama, ameloweka sufuria akasahau. Au ni Bibi Qiu anataka kuniharibia. Kama nisingekwenda kupeleleza ningepikia maji yale na kumpoteza Babu.

Nikayamwaga mtaroni yote. Paka wa uchochoro walikuja mbio, zaidi ya kawaida yao. Nikalisugua sufuria, nikatia maji mapya, nikawasha.

Shangazi alifika na viatu virefu na mfuko wa matunda. Akasema ngazi zetu zinateleza hata kwa kijana. Akalitazama dari letu la chini kama mtu anayepima jeneza. Nikamkaribisha, nikamwekea kiti. Ndani ya mabakuli nilitia sosi ya soya, kijiko cha mafuta ya nguruwe, majani ya kitunguu yaliyokatwa, na juu yake maji ya moto niliyochemshia tambi. Nikazilaza tambi humo, nikazichana. Nikaleta mezani.

Babu alitoka kunawa uso. Alikuwa amechangamka sana. Alikuwa anapiga mluzi. Akaingia jikoni, na mluzi ukakatika.

Akaniuliza taratibu yaliyokuwa kwenye sufuria yako wapi.

Nikamwambia kwa fahari nimeyamwaga. Yote. Hata tone halikubaki.

Babu alishika ukingo wa jiko. Uso wake ulipita rangi ambazo sijui kuzitaja. Ndipo nikaona kwenye ndoo ya takataka: mifupa ya nguruwe, mifupa ya samaki aina ya mkunga, ganda la tangawizi, na kitambaa cha kuchujia. Babu alikuwa amekesha. Alikuwa amekesha ananipikia supu, ili nishinde.

Nilitamani mtaro unichukue na mimi.

Babu aliuachia ukingo wa jiko. Alikuja akaketi. Shangazi naye alikuwa ameshainua bakuli, kwa njaa ya safari. Akanywa funda moja. Akashusha bakuli. Akalinyanyua tena.

Akasema, "Baba, hii si ile supu aliyotupikia Mama tukiwa wadogo?"

Babu akaonja. Akakaa na bakuli mikononi. Akasema ndiyo, ndiyo yenyewe, ya miaka ile ambayo mfupa tuliusikia redioni. Soya, mafuta, kitunguu na maji ya tambi. Shangazi akasema yeye na Baba yangu walikuwa wanagombania kulamba bakuli. Akasema Baba alimng'ata sikio. Akanionyesha sikio! Akala zote, akauliza kama zimebaki, na macho yake yalikuwa yamelowa. Akasema ni mvuke.

Babu alimaliza lake. Lote. Sikuamini, nikalipindua.

Lakini Shangazi si mtu wa kusahau alichofuata. Alijifuta mdomo, akasema haya Baba, treni ni ya mchana, sanduku liko wapi. Babu akaenda akalileta. Moyo wangu ukalala sakafuni. Akalifungua mezani. Tupu! Ndani kulikuwa na mabaki ya karatasi ya bucha tu. Alikuwa ameficha mifupa mle ndani nisiione!

Kisha akasema maneno ambayo nimeyaandika papo hapo nyuma ya kalenda ili nisiyasahau: "Guizhen, mwanangu, nitaondokaje? Huyu amemwaga kazi ya usiku kucha mtaroni, halafu akasimama hapo anangoja sifa. Nikienda Nanjing leo, wiki ijayo mtasikia amemwaga nyumba."

Shangazi alicheka mpaka machozi ya mvuke yakaongezeka. Akasema haya, lakini Baba asitoke tena gizani peke yake. Wamekubaliana. Siku za shule tutapika wote wawili hapa, yeye akiniangalia mikono. Jumapili tutavuka daraja pamoja mpaka kwa Bwana Ge, mimi nimemshika mkono upande wa mfereji.

Babu anabaki! BABU ANABAKI!

Godoro la Nanjing libaki na nailoni yake.

Jumanne, 14 Novemba

Nimetafakari, kama Mwalimu Rong anavyotaka tufanye baada ya tukio kubwa. Fundisho liko wazi. Mifupa, usiku kucha, kitambaa cha kuchujia, yote hayo yalikuwa na nia njema, lakini kilichombakiza Babu ni kumwaga. Nisingemwaga, Shangazi asingeikumbuka supu ya Bibi yangu, na sasa hivi Babu angekuwa kwenye lifti. Bwana Ge alisema kweli. Cha jana kimwagwe.

Pua imefunguka. Nina nguvu mpya.

Na nimeamua kupatana na Bibi Qiu. Ushindi unamfaa mtu mkarimu. Amekwenda Wuxi kumwona kitukuu wake mchanga, atarudi kesho. Kabla ya kuondoka alimletea Babu sufuria lake dogo la udongo, lenye kifuniko kilichofungwa kwa kamba. Babu anasema alilibeba kwa mikono miwili, polepole, na mara mbili alirudi kutoka kituo cha basi kulitazama. Babu akaliweka kwenye friji yetu. Aliniambia tu kwamba tunamtunzia Bibi Qiu sufuria lake, kisha akaenda kucheza chesi.

Nimelifungua ili nione kama linahitaji lolote. Maskini Bibi wa watu! Ndani kuna kitu cheusi kama wino, kimeganda, kina mafuta juu na kipande cha mdalasini ambacho lazima kilikuwepo kabla sijazaliwa. Si cha jana hata kidogo. Ni cha juzi, na juzi ya juzi. Macho ya uzee hayaoni. Anapika mayai ya Babu humo, na hakuna aliyewahi kumpenda vya kutosha kumwambia.

Mimi nimempenda vya kutosha. Nimemwaga chote. Nimesugua kwa majivu, nikasuuza mara nyingi, nikalianika dirishani. Linang'aa! Unaweza kujiona ndani yake. Nimelifunga tena kwa kamba ile ile na kulirudisha kwenye friji. Sitamwambia mtu. Wema wa kweli hautangazwi. Natamani sana kuona uso wake kesho akilifungua.

Babu amerudi. Nasikia anafungua friji.

Ameniita. Kwa jina langu lote.